Ukuta wa mji, dirisha la kanisa: kisa cha ruzuku ya Acton kilivyosomwa mlimani Moshi

Andiko la kuomba fedha za kukarabati kanisa letu lilikuwa na kurasa nne. Kamati ya ujenzi ya usharika wetu, huku mlimani juu ya mji wa Moshi, ilinikabidhi kazi ya kuliandika kwa kuwa mimi ndiye katibu. Jengo letu la mawe ni la enzi za Mjerumani. Kenchi zimeliwa na mchwa, mnara wa kengele una ufa unaoingia kidole, na dirisha la vioo vya rangi lililo juu ya madhabahu limebaki na vipande vinavyoshikiliwa kwa waya. Tulikusudia kulipeleka andiko halmashauri kwanza, kisha kwa mfadhili yeyote wa umma atakayetusikiliza.

Ukurasa wa pili niliandika kwamba sadaka zimepungua, vijana wamehamia mijini, na usharika umelazimika kupunguza baadhi ya huduma zake. Niliipenda sentensi hiyo. Ilikuwa ya kweli, na niliamini itamgusa yeyote atakayeisoma.

Wiki hiyohiyo nikasoma hukumu iliyotolewa tarehe 9 Machi 2018 na mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Massachusetts, Marekani. Katikati ya hukumu nikaikuta sentensi yangu. Waliiandika waumini wa mji mdogo uitwao Acton, katika andiko lao la kuomba fedha za kukarabati kanisa. Nao walieleza kwamba makanisa ya aina yao hayajakua kwa miaka mingi, kwamba mzigo wa fedha ni mkubwa, na kwamba imewabidi kupunguza programu na watumishi. Mahakama iliyanukuu maneno hayo, na yakawa sehemu ya sababu za kuwazuilia fedha za dirisha.

Niliweka kalamu chini. Ninachokieleza hapa ni kisa hicho cha Acton, kwa kirefu kadiri kinavyostahili, kisha kilichotokea kwenye andiko letu.

Fedha zilivyopatikana

Mwaka 2000 jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria ya uhifadhi wa jamii. Sheria hiyo haiulazimishi mji wowote. Mji unaotaka kuingia hupiga kura, na ukiingia, wakazi wanakubali kujitoza nyongeza juu ya kodi ya ardhi na majengo, isiyozidi asilimia 3. Acton waliingia mwaka 2002 na wakachagua asilimia 1.5. Jimbo nalo huongeza chochote kutoka mfuko unaolishwa na ada ambazo watu hulipa wanaposajili hati za ardhi. Leo zaidi ya nusu ya miji 351 ya jimbo hilo imo katika mpango huu.

Fedha hizo zina kazi maalumu: maeneo ya wazi na ya michezo, majengo na vitu vya kihistoria, na nyumba za watu wa kipato cha chini. Kila mwaka angalau asilimia 10 lazima itumike au itengwe kwa kila moja ya makundi hayo matatu. Zinazobaki mji unaamua wenyewe. Kwa uendeshaji wa kamati haziruhusiwi kuzidi asilimia 5. Tena haziruhusiwi kuziba pengo la bajeti ya kawaida ya mji, wala kulipia matunzo ya siku kwa siku kama kupaka rangi upya au kuzibua mifereji ya paa. Ni za kuokoa kitu, mengine mwenye nacho ajitunzie.

Utaratibu wa kuzigawa ndio ulionivutia zaidi. Kamati ina watu 5 hadi 9. Viti vitano sheria yenyewe imevigawa: mmoja kutoka chombo cha hifadhi ya mazingira, mmoja wa historia, mmoja wa mipango miji, mmoja wa viwanja na bustani za umma, na mmoja wa nyumba. Kila mwaka kamati huitisha kikao cha wazi kusikiliza mahitaji ya mji, hupokea maombi, huyachambua, kisha hupendekeza. Haiwezi kutoa hata senti moja peke yake. Pendekezo linakwenda kwenye mkutano wa mji, na kwa Acton mkutano huo ni wa mpiga kura yeyote atakayefika ukumbini na kuketi. Mkutano unaweza kukubali, kukataa au kupunguza kiasi, lakini hauwezi kuongeza, wala kuibua mradi ambao kamati haikuupendekeza.

Ni kama sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa lenye kufuli mbili na funguo kwa watu wawili. Kamati pekee haifungui, mkutano pekee haufungui. Mtu mwenye sauti kubwa hawezi kusimama siku ya mkutano akasema tumwongezee fulani, na watu wakashangilia ikapita. Niliyewahi kukaa kwenye mikutano mingi ya kijiji najua thamani ya kizuizi hicho.

Fedha zilivyoombwa

Acton ni mji wa watu wapatao 24,000, na historia ndiyo fahari yake. Kapteni wa wanamgambo wake alikuwa kati ya wa kwanza kuuawa kwenye daraja la Concord tarehe 19 Aprili 1775, siku ya mapambano yaliyofungua vita vya uhuru wa Marekani. Katikati ya mji kuna eneo la kihistoria lililotengwa rasmi, na ndani yake limo kanisa la Kikongregesheni lililojengwa mwaka 1846, pamoja na nyumba mbili za zamani ambazo kanisa hilo linazimiliki.

Kanisa liliomba mambo mawili. La kwanza ni dola 49,500 za kumlipa mtaalamu wa majengo akague majengo yote matatu na kuandaa mpango kamili wa kuyahifadhi. La pili ni dola 51,237 za kukarabati madirisha ya vioo vya rangi ya kanisa lenyewe. Kila ombi lilikuwa la asilimia 90 ya gharama, waumini wakijazia asilimia 10. Kamati ilipendekeza, mkutano wa mji ukakubali mwaka 2016.

Madirisha hayo tuyatazame kwa makini, maana kesi nzima iliegemea hapo. Lililo mashuhuri kuliko yote linamwonyesha Yesu na mwanamke aliyepiga magoti. Jingine lina msalaba na maneno ya wimbo wa zamani wa kumwita Mungu mwamba wa kale uliopasuliwa, wimbo ambao wengi wetu mlimani tunaufahamu. Ni madirisha ya mahali ambapo watu bado wanasali kila Jumapili. Fundi akisafisha kioo kile na kukaza fremu za madini ya risasi zinazounganisha vipande, anarekebisha kitu cha kihistoria, hakuna anayebisha. Wakati huohuo anaurejeshea mwanga ujumbe wa imani, na analipwa kwa kodi ya jirani ambaye pengine ni Myahudi, Mwislamu, Mkatoliki au asiye na dini.

Miezi michache baadaye kundi la walipakodi wa Acton likaenda mahakamani. Walisema katiba ya jimbo inakataza fedha za umma kutolewa kwa lengo la kuanzisha, kutunza au kusaidia kanisa lolote au dhehebu lolote. Kipengele hicho ni cha zamani, mizizi yake ni ya mwaka 1855 na kilikazwa mwaka 1917, wakati Waprotestanti na Wakatoliki wa jimbo lile walipogombania fedha za shule kwa uchungu mkubwa. Mahakama ya chini ilikataa kuzuia malipo. Ya juu ikalichukua shauri.

Hukumu, na pale ninapokubaliana nayo

Mahakama haikusema kanisa haliwezi kamwe kupata fedha za uhifadhi. Watu wengi wanaosimulia kisa hiki wanalipita jambo hilo haraka. Majaji walikataa katazo la jumla, wakasema kila ruzuku ipimwe kwa maswali matatu. Je, lengo lililoisukuma ni kulisaidia kanisa? Je, matokeo yake ni msaada mkubwa kwa kanisa? Na je, ruzuku inakwepa yale maovu ya kisiasa na kiuchumi yaliyosababisha katazo kuwekwa katika katiba?

Kuhusu lengo, hawakuona njama. Mji ulitaka kuhifadhi historia yake, basi. Kuhusu matokeo ndipo sentensi ya waumini ilipowarudi. Wao wenyewe walikuwa wameandika kwamba fedha zimebana hadi programu na watumishi wakapunguzwa. Basi kila dola ya mji inayoingia dirishani inaiachia dola ya sadaka iende kwenye mahubiri. Huo ni msaada kwa kanisa, na ni mkubwa. Kuhusu maovu, mahakama ilitaja matatu: dhamiri ya mlipakodi anayelipia imani isiyo yake, serikali kujifunga kwenye mambo ya dini, na amani ya mji kuvurugika pale madhehebu yanapoanza kushindana mbele ya mkutano nani apate na nani akose.

Mwishowe ruzuku ya madirisha ikazuiwa. Ile ya mpango wa kuhifadhi ikarudishwa mahakama ya chini ichunguzwe zaidi, maana ndani yake kulikuwa na nyumba za kawaida pamoja na kanisa, na haikuwa wazi nini hasa kingefanyiwa nini. Uamuzi uliandikwa na jaji mkuu Ralph Gants, na jaji mmoja alipinga kwa sehemu.

Ninakubaliana na hukumu kuhusu madirisha, na nasema hivyo nikiwa mzee wa kanisa ninayelipenda dirisha letu. Lakini sidhani kosa lilianzia mahakamani au kwa waumini. Lilianzia mezani kwa kamati. Kamati ndiyo iliyopokea maombi mawili yenye kuta, nyumba za kupangisha, vioo vya Yesu na maelezo ya upungufu wa sadaka, ikayapima yote kwa kipimo kimoja cha umri na uzuri. Swali lake lilikuwa: je, hiki ni cha kale na kina thamani? Jibu lilikuwa ndiyo, na ni kweli. Swali ambalo halikuulizwa kwa nguvu ya kutosha ni hili: fedha hizi zikishatoka, mji unabaki na nini mkononi?

Hapo ndipo penye siri ya ruzuku ya uhifadhi, popote duniani. Mji unapolipia paa la nyumba ya mtu, mtu huyo anapata paa. Mji usipopata kitu kinachodumu, umetoa zawadi. Kwa hiyo miji mingi ya Massachusetts huweka masharti: malipo hutolewa kwa stakabadhi baada ya kazi kufanyika, kazi hufuata viwango vya kitaifa vya ukarabati wa majengo ya kihistoria, na mwenye jengo husaini zuio linalosajiliwa pamoja na hati ya ardhi, kwamba hatabomoa wala kubadili sura ya jengo bila ruhusa. Zuio hilo ndilo mali ya umma. Linabaki hata jengo likiuzwa, hata kizazi kikibadilika.

Sasa jaribu kuliweka zuio hilo kwenye dirisha la madhabahu. Waumini wa kesho wakitaka kuliondoa kwa sababu za imani yao, wanapaswa kwenda kuomba ruhusa kwa ofisa wa mji. Ofisa atakaa aamue kama Yesu na yule mwanamke wabaki au waondoke. Usimamizi uleule unaoifanya ruzuku ya ukuta kuwa halali ndio unaoiharibu ruzuku ya dirisha. Bila zuio mji umetoa zawadi kwa dhehebu. Kwa zuio mji umekuwa mzee wa kanisa. Nimelizungusha jambo hili kichwani kwa siku kadhaa, na sioni mlango wa tatu kwa kitu ambacho kazi yake yote ni ibada.

Niongeze kidogo kwa haki. Mwaka mmoja kabla, mahakama kuu ya Marekani yote ilikuwa imeamua kwamba jimbo la Missouri halikuruhusiwa kulinyima kanisa ruzuku ya kuweka mpira wa matairi chakavu kwenye uwanja wa watoto kuchezea, kwa sababu tu ni kanisa. Watetezi wa Acton waliitumia hukumu hiyo. Majaji wa Massachusetts wakajibu kwamba hapa kanisa halikunyimwa kwa jinsi lilivyo, lilizuiwa kwa kile ambacho fedha zingefanya. Mpira wa uwanja na kioo cha Yesu vinatofautiana, na mtoto wa darasa la tatu angeona tofauti hiyo.

Tukiliweka Moshi

Ukizunguka mlima huu ukiuliza jengo la kale liko wapi, utaonyeshwa misheni. Machame walipofika Walutheri wa Leipzig mwaka 1893, Kibosho walipojenga mapadri mwaka huohuo, Kilema kabla yao. Mjini kuna stesheni ya reli ya enzi za Mjerumani, kuna majengo ya ushirika wa kahawa, kuna msikiti na hekalu la Wahindu. Lakini ukitoa nyumba za ibada kwenye orodha ya kuta za kale za Kilimanjaro, orodha inabaki fupi mno. Kwa hiyo siku mamlaka yoyote huku itakapotenga fungu la kuhifadhi majengo ya kihistoria, barua ya kwanza itatoka kanisani. Tutafika Acton kabla hatujamaliza kusoma masharti.

Na sisi tuna kipengele chetu. Ibara ya 19 ya Katiba yetu, kifungu kidogo cha pili, inasema shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini vitakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Haikatazi waziwazi kutoa fedha, kama ile ya Massachusetts, lakini inachora mstari mahali palepale. Arusha wana nafuu: Boma lao la Mjerumani la mwaka 1900 ni mali ya umma na ni makumbusho, serikali ikilikarabati inakarabati chake. Sisi mlimani jengo la kale lina mwenyewe, na mwenyewe huyo ni dhehebu.

Hata ulinzi wa sheria hauji wenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayahesabu moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Misheni zote za Kilimanjaro ni za baada ya hapo, kwa hiyo hazilindwi mpaka Waziri azitangaze. Usharika ukiamua kesho kubomoa kanisa la mawe na kusimamisha la bati na vigae vya kung'aa, hakuna wa kumshika mkono. Nimeshuhudia hilo likitokea kwenye tarafa yetu, na mawe yake yaliuzwa kwa wajenzi wa uzio. Hapo ndipo ninapoamini kwamba fedha ya umma, ikipewa masharti ya zuio, inaweza kununua kitu ambacho sheria haijatupa.

Wapo watakaosema mbona Serikali inashirikiana na makanisa siku zote. Ni kweli. KCMC pale mjini ilianzishwa mwaka 1971 kwa nguvu za makanisa, ni hospitali ya rufaa ya kanda, na Serikali inachangia watumishi. Mkataba wa mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa kuhusu afya na elimu upo. Lakini pale umma unapata kitu kinachohesabika: mgonjwa wa dini yoyote anatibiwa. Ukiulizwa mji umebaki na nini mkononi, unaonyesha wodi. Kipimo ni kilekile.

Jambo jingine ambalo Acton hawana na sisi tunalo kwa wingi ni undugu wa waombaji na wagawaji. Kule viti vitano vinatoka kwenye vyombo vitano tofauti. Huku diwani anayeongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata anaweza kuwa anaimba kwaya ya kanisa linaloomba, mtendaji wa kata ni mkwe wa mchungaji, na mhandisi atakayekagua kazi alibatizwa kwenye kisima hichohicho. Sisemi ni watu wabaya. Wengi wao nawajua, ni waadilifu. Ila mtu anayeketi benchi moja na mwombaji kila Jumapili atoke nje ya chumba ombi hilo linapojadiliwa, na muhtasari wa kikao uandike kwamba alitoka.

Na lile sharti la asilimia 10 kwa kila kundi, kwangu ndilo ningeliiba la kwanza. Usharika una katibu, una muhuri, una akaunti ya benki, una mtu wa kuandika andiko la kurasa nne. Mfongo, yaani mfereji wetu wa asili wa kumwagilia mashamba, hauna. Mfongo una meneja wake mzee anayejua kwa kichwa zamu ya maji ya kila kihamba, yaani shamba la nyumbani la kila familia, na siku ya kuzibua watu wanakuja na majembe. Lakini mifongo na vihamba ni urithi kuliko hata kanisa letu. Mwaka 2011 shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa liliitambua Shimbwe Juu, huko Uru, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia, kwa ajili ya vihamba vyake. Fungu likiachwa wazi bila mgawo, wenye mihuri watalimaliza, na mfongo utaendelea kuvuja.

Kikao

Nilipeleka haya yote kwenye kamati yetu ya ujenzi Jumamosi iliyofuata, pamoja na andiko langu likiwa na mistari ya kalamu nyekundu.

Mzee wetu mkubwa kwa umri alinisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya fimbo. Kisha akauliza, "Katibu, kwa hiyo watatukataa kwa sababu tumesema ukweli kwamba sadaka zimepungua?"

"Hapana, baba," nikasema. "Ukweli huo tuuseme kwa washarika. Kwa halmashauri tuseme ukweli mwingine, kwamba jengo hili likianguka, kata nzima imepoteza kitu."

Mchungaji aliguna. Alihofu kwamba tukisaini zuio tutakuwa tumewakabidhi watu wa nje funguo za kanisa, na hofu hiyo ni halali, ni ileile waliyoiandika majaji. Tulibishana karibu saa nzima juu yake. Tulipofika kwenye dirisha, mama mmoja wa Umoja wa Wanawake alisimama, akakunja kitenge begani, akasema dirisha lile mama zetu walichangia kwa kuuza ndizi, na sisi tutalitengeneza kwa kuuza ndizi. Hakuna aliyekuwa na la kuongeza. Dirisha likatoka kwenye andiko.

Kenchi zilileta ubishi mdogo, kwa sababu paa linafunika ibada lakini pia linazuia mvua isiingie ndani ya kuta. Tulikubaliana tuombe kwanza gharama za mhandisi kupima na kuchora jengo lote, picha za kila upande, na nakala ya michoro hiyo ibaki halmashauri ambapo yeyote anaweza kuiona. Hata jengo likianguka kesho, michoro itakuwa ya umma. Kuta za nje na misingi vifuate, tukiwa tayari kusaini zuio la kutobomoa. Kenchi tutachangia nusu. Sentensi yangu ya sadaka ilifutwa, na mahali pake nikaandika vipimo vya ufa.

Kilichobaki ni mnara wa kengele. Mchungaji anasema kengele inaita watu kwenye ibada, kwa hiyo ni dirisha. Mzee yule anasema kengele ile ndiyo iliyotangaza moto, mafuriko na kupotea kwa watoto tangu akiwa mdogo, na kwamba jirani yetu Mwislamu anayechunga ng'ombe ng'ambo ya mto hutumia mlio wake wa saa kumi na mbili jioni kurudisha mifugo, kwa hiyo ni ukuta. Mimi nimeegemea upande wa mzee, lakini si kwa uhakika wote. Tumekubaliana mnara upimwe pamoja na jengo, na ombi la fedha zake liandikwe kwenye karatasi tofauti ili likikataliwa lisivute mengine. Fundi anakuja Jumatatu na ngazi.